Mkono wa Kushoto

Vifurushi kumi na tisa bado,
na simu kwenye dashibodi ikinihesabia dakika
kama mdai asiyelala.
Saa kumi jioni, Novemba, Sheffield:
jua limekwisha kujitia nyuma ya vilima vya Heeley
bila hata kuaga.

Nikasukuma mlango.
Kwa mkono wa kulia, kama siku zote,
macho yangu yakitafuta namba ya nyumba,
arobaini na moja, arobaini na tatu...

Sikusikia breki. Nilisikia mkoba
ukipiga lami, kisha chupa ya maji
ikibingirika mteremko mzima
ko, ko, ko, ko
hadi chini kwenye kituo cha basi,
nami nikaisikiliza mpaka iliponyamaza,
kwa kuwa niliogopa kusikiliza kitu kingine.

Alikuwa amekaa barabarani,
miaka kumi na moja hivi,
goti limechanika pamoja na suruali ya shule,
kofia ngumu ikining'inia kwenye usukani
kama kikapu cha mtu aendaye sokoni.
Mkobani, kwa wino wa mama yake: JOSS HALLAM, 7R.
Akanitazama.
Akasema, "Samahani, bwana."

Nami nikaipokea.
Hilo ndilo lisilonitoka.
Nikaipokea ile samahani
kama mtu anavyopokea chenji isiyo yake,
nikaifumbia kiganja, nikamwambia,
"Uwe mwangalifu."

Boharini Bev akanimiminia chai.
"Taa hakuwa nayo. Kofia hakuvaa.
Huna kosa, kipenzi."
Na yote aliyoyasema yalikuwa kweli.

Usiku nikayatia mizanini.
Taa: upande wake.
Kofia: upande wake.
Kasi? Nani aliyewahi kuwa na miaka kumi na moja
akashuka kilima huku amekamata breki?
Upande wangu, tani mbili za chuma
na leseni yenye picha yangu,
niliyoifanyia mtihani mara tatu.
Yeye hakutahiniwa na mtu. Alipewa baiskeli,
labda siku ya kuzaliwa, imefungwa utepe,
akaambiwa: nenda, ila urudi kabla ya giza.
Na giza la huku huja kabla ya kengele ya shule kupoa.

Ajali haina kinga,
nikajiambia kwa lugha yangu, nipate usingizi.
Lakini mlango una kitasa.
Na kitasa kina mkono.

Mama alinipiga vidole kwa mwiko
mpaka nikajua: mkono wa kushoto
hauli na wenzake, hausalimii,
haumpi mtu kitu.
Sasa kila ninaposimama
wa kulia naukalisha pajani, utulie.
Wa kushoto ndio unaovuka kifua kufuata kitasa,
na bega haliwezi kubaki, linageuka,
shingo inalifuata bega,
na macho, yatake yasitake,
yanajikuta yanatazama nyuma, barabarani.
Sekunde nne.
Kwa vifurushi mia na ishirini ni dakika nane,
na msimamizi amekwisha niuliza
zinakwenda wapi.

Alhamisi iliyopita, mteremko uleule,
nikaona kwenye kioo taa ndogo
inakonyeza, inakonyeza.
Kofia kichwani, mkanda haujafungwa.
Sijui kama alikuwa yeye. Huku watoto wote
huvaa koti jeusi, na jioni huwameza.
Nikangoja. Simu ikalia, nikaiacha ilie.

Akapita bila kunitazama,
magurudumu yakinong'ona kwenye majani yaliyolowa,
nami nimeshika kitasa, mlango umefungwa,
nikimrudishia samahani yake
kwa mkono ule ule
nilioambiwa haumpi mtu kitu.